Waogeleaji Kumi na Mmoja wa Shimo la Nne

Kitendawili, wajukuu zangu. Kimelala ndani ya kioo, hakili wala hakinywi, lakini kikisema hapa pana maji, wewe uliyesimama hapo pakavu ni lazima uloe.

Fikirini. Mmoja ataniambia samaki wa mapambo. Mwingine ataniambia saa ya mkononi, na huyo simjibu. Mmeshindwa, nipeni mji.

Mmenipa? Ahsanteni, nauhitaji kweli, maana wangu ulichukuliwa. Jibu ni ramani.

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Nchi ikiwa na mambo mazuri kiasi hiki haifai kuitangaza, wageni watajaa tukose pa kukaa. Niwaambie tu kwamba ina milima, ina mto unaoitwa Nyamwale, ina makaa ya mawe chini ya ardhi, na juu ya ardhi ina serikali inayotupenda kuliko tunavyostahili. Msikilizaji ukiona panafanana na kwenu, hayo ni yako, usiniletee mimi mzee wa watu.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, ghorofa ya sita, kipo chumba chenye kiyoyozi ambacho hakijawahi kuzimwa, hata zile siku ambazo madaktari wetu hushona watu kwa mwanga wa tochi ya simu. Ndani ya chumba kuna kabati la kioo, na ndani ya kabati amelala Ramani Mama ya Wilaya ya Lukanda. Nasema "amelala" kwa sababu ndivyo tunavyotakiwa kusema. Aliyesema "imelala" aliandikiwa barua.

Ramani Mama ilichorwa na mpima mmoja mzungu, siku hizo mama yangu alikuwa bado anachunga mbuzi. Alikuja na minyororo ya kupimia, na darubini yenye miguu mitatu, na wapagazi ishirini. Milima aliichora kwa mistari ya kahawia, duara ndani ya duara, ukiitazama utadhani mtu amebonyeza dole gumba kwenye karatasi. Mto akauchora kwa buluu, unashuka magharibi ya Kilima Kipembe. Alichora vizuri, sitamsema vibaya marehemu. Ila wiki ya tatu alishikwa na homa, mkono ukamtetemeka, kikombe cha chai kikamwagikia kona ya mashariki. Akalala, akapona, akaenda kwao.

Serikali yetu ilipoirithi ramani iliona lile doa, ikafurahi sana. Likaitwa Ziwa Umoja. Ikaundwa Idara ya Ziwa yenye watumishi tisa, boti moja, mwalimu wa kuogelea mmoja, na pampu moja kubwa ya kupunguzia maji ziwa likizidi. Pampu hiyo mpaka siku ninayowasimulia ilikuwa bado imevaa nailoni yake ya dukani. Boti iko katikati ya shamba la viazi la jirani yangu Tupokigwe. Kila mwaka anaandikiwa leseni ya uvuvi, na kila mwaka anapewa onyo kwa kutoleta samaki.

"Niwaletee viazi?" aliwauliza mwaka fulani.

"Viazi haviishi ziwani, mama," wakamjibu, tena kwa upole.

Sheria ya Ramani ni fupi, hata mimi niliyeishia darasa la nne naijua kwa kichwa. Kwanza, kilichomo kwenye ramani kipo. Pili, kisichokuwemo hakipo. Tatu, ramani haitambuliwi wala haibadilishwi bila saini ya mkono wa aliyepima. Na kwa kuwa mpima wetu alikwisha kufa huko kwao, ramani imekamilika milele. Nchi nyingine zinahangaika kila mwaka kuchora upya. Sisi tulimaliza.

Mlinzi wa sheria hiyo ni Mheshimiwa Daktari Fulgensi Tambarare, Mtunza Mkuu wa Ramani Mama. Hajawahi kukanyaga Lukanda. Siku moja tulimsikia redioni akieleza sababu. "Kwenda kuangalia nchi ilivyo," alisema, "ni kuitilia ramani shaka. Na anayeitilia ramani shaka, kesho atamtilia shaka nani?" Watu ukumbini wakapiga makofi kwa muda mrefu, kila mmoja akimwangalia mwenzake asiwe wa kwanza kuacha.

Sasa, makaa ya mawe. Kampuni ilikuja, jina lake sina haja nalo, ikapima ikakuta makaa mazuri kuliko yote yako chini ya Mto Nyamwale, palepale magharibi ya Kilima Kipembe. Mto ulikuwa unasumbua, basi wakauhamisha. Walijenga tuta la udongo huku juu, mto ukageuzwa ukapita mashariki ya kilima, na pale ulipokuwa ukilala tangu dunia iumbwe wakachimba Shimo la Nne.

Lakini kwenye Ramani Mama pale pana mto. Kwa hiyo Shimo la Nne halikuwepo. Wanaume wa kijiji chetu waliingia kila asubuhi katika shimo lisilokuwepo, wakatoka jioni weusi kwa makaa yasiyokuwepo, yakapakiwa kwenye malori ambayo, ajabu, yalikuwepo sana.

Kampuni haikulalamika. Mkaguzi wa migodi alikuja kila mwaka, kijana msafi. Alisimama mdomoni mwa shimo, akafungua nakala yake ya ramani, akaona buluu, akaandika: "Mto uko katika hali nzuri." Kisha akala kuku na wakubwa wa Kampuni, akaondoka.

Na tuta pia halikuwemo kwenye ramani. Lilipoanza kupasuka, mwanangu Asangwile alikwenda wilayani kutoa taarifa.

"Tuta lipi?" wakamuuliza.

"Lile la juu ya shimo."

"Shimo lipi?"

Alirudi nyumbani anacheka. Asangwile alikuwa mtu wa kucheka. Mimi sikucheka, lakini nilinyamaza, na kunyamaza kule najilaumu mpaka leo.

Hapa niwaeleze desturi yetu moja, maana bila hiyo hamtanielewa mbele.

Kwetu mchimbaji akirudi nyumbani hanawi mikono kwanza. Husimama mlangoni na uchafu wake, akataja hatua. Anamwambia mkewe alikofanyia kazi siku hiyo, kuanzia mdomo wa shimo, hatua kwa hatua, na mke anarudia. Akikosea, mume hanawi mpaka arudie sawasawa. Yule ambaye hajaoa humtajia mama yake. Ilianza kwa babu zetu katika Shimo la Kwanza. Sababu yake hakuna anayeitamka, ila kila mwanamke anaijua: siku asiporudi, uwe unajua pa kumtafuta.

Asangwile alinitajia mimi miaka minne. Kisha akamwoa Subilaga, akaanza kumtajia yeye, na mimi nikawa nasikiliza nikiwa jikoni, nikijifanya napepeta.

"Mlangoni arobaini," anasema. "Kushoto kumi na nane. Inama. Sita. Hapo ndipo nilipo."

"Mlangoni arobaini," Subilaga anarudia. "Kushoto kumi na nane. Inama. Sita. Hapo ndipo ulipo. Haya nawa, unanuka kama jiko."

Jumanne moja ya Aprili, saa nne asubuhi, mvua ikiwa imenyesha siku tano, tuta lilikatika. Mto ukarudi kwake. Haukuwa na kosa, ulikuwa unafuata ramani.

Ndani ya Shimo la Nne walikuwemo kumi na mmoja.

Tulikwenda wilayani, wake na mama zao, na matope mpaka magotini. Tuliomba mambo mawili tu. Mto ugeuzwe tena, maji yatolewe, tuwazike watu wetu. Na karatasi iandikwe walikufa wapi.

Afisa wa mito alitupokea vizuri. Alitandika nakala ya ramani mezani, akaweka kidole.

"Hapa?"

"Hapo," akasema Subilaga.

"Hapa ni mtoni, dada yangu. Watu waliomo mtoni, wamo ndani ya maji, tunawaitaje?"

Akajijibu mwenyewe, kama mwalimu aliyechoshwa na darasa.

"Waogeleaji."

"Mume wangu alikuwa anaogopa hata beseni," Subilaga akasema. "Aliingia na beleshi. Alikuwa na kofia ngumu na taa kichwani. Nani anaogelea na beleshi?"

"Hilo nalo ni kosa, lakini leo tutalisamehe." Afisa akavuta fomu. "Wameibuka?"

"Hawajaibuka."

"Mwogeleaji aliyemaliza huibuka. Ambaye hajaibuka, maana yake hajamaliza."

Akaandika. Akagonga mhuri mara kumi na moja, meza ikatikisika, chai yake ikarukia ile nakala, na mimi nikajiambia kesho kuna ziwa jingine. Kila nyumba ikapewa karatasi yake. Jina la mwogeleaji. Umri. Na mahali palipoandikwa *Hali ya mhusika*, neno moja: *Anaogelea.*

Mnanisikia? Anaogelea. Mwanangu.

Kwa karatasi hiyo Subilaga hakuwa mjane. Hakuruhusiwa kuweka matanga, maana mwenyekiti wa kijiji aliogopa kutoa kibali cha kumlilia mtu aliye hai. Mchungaji naye aliniambia, macho yake kwenye viatu, kwamba hawezi kumzika mtu mwenye karatasi ya kuogelea, labda amwombee asichoke. Nilimfukuza kwenye ua wangu kwa ufagio. Nimemlea yule, nimemfuta kamasi, na nilimfukuza.

Serikali haikutuacha hivihivi. Mwezi wa pili baada ya msiba ilituletea elimu.

Alikuja Mwalimu Chande, yule wa Idara ya Ziwa, mtu wa makamo mwenye kitambi, kazaliwa pwani, miaka kumi na saba yuko milimani akisubiri ziwa. Alikuwa na boya shingoni na barua isemayo kwamba familia za waogeleaji zifundishwe usalama majini ili yasijirudie. Tukakusanywa darasani. Maji hayakuwepo, basi akatulaza kifudifudi juu ya madawati, wanawake wazima, kanga zimefungwa viunoni, akatuamuru tupige miguu.

"Piga! Piga! Pumua pembeni, mama!"

"Mwalimu, mimi nina mgongo," nikamwambia.

"Na mimi nina barua, mama yangu. Piga kidogo tu."

Tupokigwe, ambaye naye mumewe alikuwa mle, alipiga mateke mpaka dawati likasogea likafika mlangoni. "Nimevuka!" akapiga kelele. "Niandikieni nimevuka, mnipe cheti!" Tulicheka. Mungu atusamehe, tulicheka sana, na katikati ya kicheko mmoja wetu akaanza kulia, tukafuata wote, tumelala kwenye madawati kama samaki waliotandazwa juani.

Mwalimu Chande alivua boya. Akakaa sakafuni.

"Hebu niambieni," akasema. "Waliingia saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Kuogelea?"

"Kuchimba."

Akatoa fomu yake akaandika: *Wanafunzi wote wamefaulu.* Alipokuwa anaondoka aliniambia kwa sauti ndogo, "Bibi, wale watu wa juu hawasikii maneno. Wanasikia ramani. Kama mna ramani ya hilo shimo, pelekeni ramani."

Ramani tutaitoa wapi? Kampuni haikuwa nayo, au ilikuwa nayo imeificha, yote ni mamoja. Nilikwenda nyumbani nikakaa jikoni. Subilaga alikuwa anapepeta. Nikamsikia anasema peke yake, midomo inacheza tu: "Mlangoni arobaini. Kushoto kumi na nane."

Nikasimama. Nimezeeka, wajukuu zangu, lakini siku hiyo nilisimama kama nimechomwa mwiba.

"Subilaga! Na Tupokigwe anazijua za kwake?"

"Anazijua, mama. Sote tunazijua."

Kesho yake tukarudi darasani, wale wake na mama wote kumi na mmoja, na mimi wa kumi na mbili. Darasa la nne tulifundishwa kwamba ramani ina mambo matano: jina, fremu, dira, ufunguo na skeli. Nilichapwa viboko viwili kwa kusahau dira, ndiyo maana sijaisahau tena. Nikawapanga.

Karatasi kubwa hatukuwa nayo. Subilaga akatoa ile yake ya *Anaogelea*, akaigeuza upande mweupe, akaiweka mezani. Wengine wakafuata. Tukaziunga zote kumi na moja kwa uji mzito, tukapata karatasi moja pana kama mkeka.

Tukaanza kutaja. Mmoja anataja, mimi nachora kwa kaa.

"Mlangoni arobaini..."

"Wangu ni thelathini na tano!" akaingilia mwingine.

"Haiwezekani, mlango ni mmoja."

"Basi wako alikuwa anatembea kama kuku!"

"Wangu? Wako ndiye alikuwa na miguu ya korongo, akipita uani kuku wanakimbia!"

Ikawa vurugu. Tukaelewa tatizo ni skeli. Hatua ni ya nani? Kila mtu na miguu yake. Ndipo Tupokigwe akatoka bila kuaga, akarudi na suruali ya mumewe. Akailaza sakafuni, akaipanua miguu.

"Hatua yake," akasema. "Pimeni."

Basi kila mmoja akaenda kwake. Zililetwa suruali kumi na moja, zilizofuliwa na zilizoshindikana kufuliwa, zikalazwa chini safu moja, miguu imepanuliwa, kama wanaume wanaotembea kwenda mahali bila vichwa. Tukapima kwa kamba. Ya Asangwile ilikuwa na kiraka gotini, nilikishona mimi, uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha.

Tulipokwisha kusahihisha hatua, zote zilikutana. Thelathini na tano za mmoja zilikuwa arobaini za mwingine. Njia zikaungana, mapango yakafunguka, pale mmoja aliposema "naisikia nyundo ya Mwangoka upande wa kulia," mke wa Mwangoka akasema, "kweli, wangu alisema kushotoni kwake kuna mtu anaimba vibaya." Jioni Shimo la Nne lote lilikuwa mezani. Fremu ipo, dira ipo, skeli ni kamba. Kwenye ufunguo nikachora alama moja tu, taa ndogo, nikaandika: *mtu.* Taa ni kumi na moja.

Tulikwenda mji mkuu watatu: mimi, Subilaga na Tupokigwe. Mheshimiwa Daktari Tambarare alitupokea katika chumba cha kiyoyozi, baada ya sisi kuvua viatu ili tusimletee Ramani Mama vumbi la mahali alipochorwa.

Alipoona kazi yetu alivaa miwani ya kwanza, kisha ya pili.

"Mistari safi," akasema. "Dira ipo. Wangapi siku hizi wanakumbuka dira! Nani amechora?"

"Mimi."

"Nani amepima?"

"Wao wenyewe," Subilaga akasema. "Hao kumi na mmoja. Walipima kwa miguu yao, kila siku, wakatutajia."

Mheshimiwa akavua miwani zote mbili. Akasimama, maana maneno makubwa hayasemwi mtu amekaa.

"Mama zangu. Nchi ni nini? Nchi ni karatasi iliyotiwa saini. Bila saini, mlima ni lundo, mto ni maji yanayopita, na ninyi wenyewe, samahani, ni watu tu. Ramani hii ni nzuri. Lakini ramani haitambuliwi bila saini ya mkono wa aliyepima. Leteni wapima. Watie saini hapa, mbele yangu, kila mmoja kwa mkono wake, na siku hiyohiyo Shimo la Nne litakuwepo."

"Wako ndani ya shimo," nikasema.

"Kumbukumbu zangu zinasema wanaogelea."

"Mwanangu amekufa, Mheshimiwa."

"Mwenye karatasi ya kuogelea hajafa, mama. Tusivunje sheria kwa sababu ya huzuni."

Miguu yangu ilikuwa mitupu, kiatu nilikuwa nimekishika mkononi. Niliinua mkono. Wajukuu zangu, nimelea watoto saba na sijawahi kumpiga mtu mzima, lakini kile kiatu kilikuwa kinakwenda kwenye ule uso, na kama kingepita pembeni kingevunja kile kioo, na ningefurahi vilevile. Subilaga akanishika kiwiko.

"Mama, vaa kiatu," akaninong'oneza. "Mwache. Mwache aandike."

Kisha akamgeukia Mheshimiwa, macho chini, sauti ya binti aliyefundwa. "Mheshimiwa, sisi ni watu wa kijijini, tutasahau. Hayo uliyosema tuandikie basi. Kwamba waletwe."

Mheshimiwa alipenda kuandika kuliko kula. Akaketi, akaandika kwa wino, akisoma kwa sauti huku mkono wa kushoto unapima hewa:

"*Wapima kumi na mmoja, ambao kumbukumbu za serikali zinaonyesha kuwa wapo hai na wanaogelea, wafike ofisini kutia saini ramani yao ndani ya siku tisini. Anayejua walipo awalete. Vyombo vyote vya serikali vitoe msaada. Atakayezuia kuletwa kwao atahesabiwa kuwa ameihujumu Ramani Mama.*"

Akagonga mhuri mmoja mkubwa kama sahani.

Nilipofika mlangoni niligeuka. "Mheshimiwa, nikutegee kitendawili. Kumi na mmoja waliingia wakavu, wakafia kwenye maji, wakafufukia kwenye wino."

Alifikiri kidogo, akacheka kwa adabu. "Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji."

"Chukua mji wowote," akasema, ameshaanza kuandika kingine, "mradi usiwe kwenye ramani."

"Ahsante," nikamwambia. "Nimelichukua Shimo la Nne."

Tulianza na tuta. Kijiji kizima kilitoka, na cha jirani, mpaka mchungaji alikuja na jembe, hakuniangalia usoni nami sikumwangalia, lakini alichimba. Wiki tatu. Mto ukageuka tena mashariki. Ndipo tukaanza kuteka maji ya shimo, ndoo kwa ndoo, mstari wa watu kutoka mdomoni mpaka bondeni.

Siku ya nne ya ndoo alikuja meneja wa Kampuni na gari, na nyuma ya gari polisi mmoja, sajenti mwenye masharubu.

"Hawa wanachimba bila leseni," meneja akasema. "Watoe."

Subilaga akampa sajenti barua. Sajenti akaisoma. Akaisoma tena, akautazama mhuri, akauweka juani akautazama kwa nyuma. Akatoa nakala yake ya ramani mfukoni, maana polisi wetu hawatembei bila ramani.

"Hapa mlipo pana nini?" akauliza.

"Pana mto, afande," akasema Tupokigwe, ndoo kichwani, uso kama wa malaika.

"Mnafanya nini mtoni?"

"Tunachota maji, afande."

Sajenti akakunja ramani. "Kuchota maji mtoni si kosa," akamwambia meneja. "Wewe ndiye utakuwa unaihujumu Ramani. Una chochote cha kuongeza?" Meneja akarudi kwenye gari lake. Nilimwona sajenti akifuta masharubu kwa muda mrefu kuliko masharubu yanavyohitaji. Baadaye nilisikia baba yake alichimba Shimo la Pili.

Siku ya kumi na mbili tukasikia trekta. Juu ya tela, imevaa nailoni yake ya dukani, ilikuwa imekaa pampu ya Idara ya Ziwa, na juu ya pampu amekaa Mwalimu Chande na kitambi chake.

"Vyombo vyote vya serikali," akasema akiteremka, anatweta. "Na hiki si chombo?"

Nailoni tuliichana wenyewe. Niliona wanawake wakiichana kwa meno.

Leo ni siku ya sitini na moja tangu ile barua igongwe mhuri. Pampu inanguruma, maji yanashuka bondeni meusi kama wino. Tunayo ramani yetu, tumeifunika nailoni ileile isilowe, na Subilaga ndiye anayetangulia na kamba ya skeli. Jana mchana tumemaliza arobaini za mlangoni. Leo asubuhi tumepita kumi na nane za kushoto, maji magotini. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika upindo wa kanga yake, wenzangu wananikataza na mimi sisikii. Akasimama. Mwamba umeshuka pale, umekaa kama kizingiti cha mlango mfupi.

"Mama," akasema bila kugeuka. "Inama."

Nikainama.

Mheshimiwa Daktari Tambarare, jaza wino. Toa hilo kabati la kioo katikati ya chumba, panga viti kumi na kimoja, na usituambie tuvue viatu. Mwanangu anakuja kutia saini. Zimebaki hatua sita.